Dakika Arobaini za Mwandamo

Nilikaa katika nchi ya Mwandamo miezi kumi na mmoja, na nitakayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, au niliyoambiwa na mtu niliyekuwa nikimtazama usoni. Namna nilivyofika nairuka. Nilifika kwa miguu, mvua inanyesha, basi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, sikuendelea, lakini nina subira ya kukaa na kutazama kitu mpaka kiishe, na kule Mwandamo hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Mpakani zamu ilikuwa ya karani mmoja mwembamba aliyeitwa Pendaeli, ambaye baadaye tulifanya kazi chumba kimoja. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kioo kinachowaka ukutani, na ndani ya kioo hicho watu wadogo wadogo walikuwa wanatembea, wengi wa kijani, wachache wa manjano.

"Wewe uko wapi?" akaniuliza.

"Niko hapa mbele yako, kaka."

"Hapana. Hapa mpakani naona mlango, najiona mimi, naona mbuzi wawili wa yule bwana aliyetangulia. Wewe sikuoni."

Nilimwambia ndiyo kwanza nimefika. Akasema hilo halimsaidii. Ikabidi anieleze, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza, kuwa kila mkazi wa Mwandamo ana kikaragosi chake ndani ya Kioo. Kazi yoyote, iwe kuoka mikate, kufungulia maji, kutibu au kuzika, inachezwa kwanza na vikaragosi, wakubwa wanaona kwa macho ni wapi watu watasongamana, wanapanga upya, kisha ndipo watu wenyewe wanafuata. Asiye na kikaragosi hahesabiwi kwenye foleni, haugui, haolewi. Lakini ana faida moja: anaweza kusimama popote bila kuharibu hesabu. Ndivyo nilivyopelekwa Idara ya Mwenendo nikawa mpimaji. Nilipewa saa ya duara ya kutia ufunguo, yenye kibonyezo juu: ukibonyeza inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Na nilipewa fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu, umeandikwa Muda.

Ni haki niseme kwamba wenyeji hawakuanza kwa wazimu. Zamani ghala lao la nafaka lilikuwa na mlango mmoja, na kila siku ya mgawo watu walikanyagana. Mpishi mmoja wa kike akamwaga kunde kwenye mkeka, akachora mlango kwa mkaa, akazisogeza kunde kwa kidole moja moja mpaka wakubwa wakaona wenyewe pale zinapoziba. Ukatobolewa mlango wa pili, na hakuna aliyekanyagwa tena. Ila yule mpishi, kila akimaliza na kunde zake, alikuwa anakwenda ghalani kusimama mlangoni, aone kama watu wanapita kweli. Kunde zilirithiwa zikawa vikaragosi. Mkeka ukawa Kioo. Ile safari ya kwenda mlangoni ilibaki kuwa yangu mimi mgeni, nayo niliruhusiwa mara moja tu kwa kila mlango.

Nieleze kidogo desturi zao. Foleni ya mikate ya Mwandamo ina watu wanne. Sakafuni wamechora nyayo za watu wanne, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kwenye Kioo. Nilizikuta nyayo hizo zimekanyagwa na watu wanne, na nyuma yao wako kama sitini. Nikauliza hao sitini ni nani. Nikajibiwa ni wapitaji. "Hii foleni yetu ni fupi sana," aliniambia mmoja wao aliyekuwa anapita pale tangu alfajiri.

Ndani ya Kioo mvua hainyeshi, kwani hakuna aliyewahi kuchora wingu. Kwa hiyo sokoni huruhusiwi kufunga meza kwa sababu ya mvua. Nimeona wanawake wamekaa mbele ya unga uliokuwa uji.

Kisha kuna rangi. Kikaragosi kinachotembea ni cha kijani, kinachosubiri ni cha manjano. Kikikwama kinageuka chekundu, na wekundu hauruhusiwi kuonekana zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Wako makarani wanne ambao kazi yao ni kuuondoa. Mwanzoni nilidhani wanatoka kwenda kumwona aliyekwama. Hawatoki. Wanakisogeza kikaragosi mbele, kinarudi kuwa cha kijani. Mkokoteni mmoja ulivunjika gurudumu darajani, kikaragosi cha mwenyewe kikavushwa, na mkokoteni ukabaki pale siku tatu. Waliojigonga nao waliandikiwa onyo la kujigonga na kitu kisichokuwapo.

Nilihudhuria pia baraza, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Siku hiyo walijadili kama vikaragosi vitiwe njaa. Mama mmoja muuza kamba alisema vitiwe, maana saa sita watu wanaacha kazi kwenda kula, na Kioo kinaonyesha wako kazini. Mwingine akasimama. "Tukivitia njaa, saa sita nchi nzima itakuwa ya manjano. Wageni wakija kutazama watasemaje?" Waliteta mpaka jioni. Uamuzi ulikuwa kwamba vikaragosi visitiwe njaa, ila kengele ya saa sita isipigwe tena.

Juu ya mlango wa kila ofisi imeandikwa sheria yao: Kilichopita kwenye Kioo kimepita.

Na jambo la mwisho, ambalo sikulielewa kwa miezi mingi. Uwanjani pana Kioo Kikuu, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Kila alasiri watu wengi walisimama mbele yake, wametulia, hawasemezani. Wengine walikuja na chakula wakala wamesimama. Niliona fahari ile, nikajisemea, hawa wanaipenda nchi yao.

Nilipanga kwa Zawena na mumewe Dunga. Dunga alikuwa mtoa mikate tanurini, mtu mkubwa, mpole, nyusi zimeungua hazioti tena. Zawena alishona magunia. Alikuwa na maneno yeye. Siku ya kwanza aliniambia, "Mgeni wangu, hapa kwetu usiulize mtu hajambo. Uliza Kioo kinasemaje. Mwenyewe hajui." Mwezi wa pili akaninong'oneza kuwa ana mimba, ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Dunga alikuwa amekwishaanza kutengeneza kitanda cha mtoto kwa mbao za masanduku ya hamira, na kila akigonga msumari Zawena alimwambia, "Polepole, baba fulani, utamwamsha kabla hajafika."

Mwezi wa tatu nikatumwa kupima wodi ya wazazi.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na wakunga watatu. Mkubwa wao aliitwa Bi Nyamizi, mfupi, mikono mipana, sauti yake inatangulia kuingia chumbani kabla yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mwenye saa? Kaa pale, usinikanyagie maji. Leo utaona kazi."

Hatukungoja. Aliingia mwanamke kwa miguu yake, bado anatafuna muhogo.

"We, tupa huo muhogo! Mtoto anakuja na wewe unakula?"

"Mwache aje, bibi. Atanikuta nimeshiba."

Alipolala nilibonyeza. Bi Nyamizi alikuwa anakimbia. Alikimbilia maji, alikimbilia mkasi, na wenzake wawili walikuwa wanacheka. "Leo mama kaazima miguu!" akasema mmoja. "Nyamazeni, tunapimwa," akawajibu. Mtoto akalia. Kitovu kikafungwa, mama akapanguswa, akainuliwa, akatolewa na mtoto wake mkononi. Nilijua kwamba siku nyingine angeachwa apumzike mpaka jioni. Niliiona ile haraka, nikaona ni ya kunipendeza mimi, na sikusema kitu. Nilidhani kusema si kazi yangu. Nikabonyeza.

"Ngapi?" akauliza Bi Nyamizi, jasho linamtoka.

"Arobaini."

"Dakika arobaini! Andika kwa wino, mwanangu!"

Nikaandika. Alipokuwa ananawa mikono nikaona ametulia. Akasema bila kunigeukia, "Lakini huyu ni mtoto wake wa nne. Wa kwanza hawaji hivi. Andika na hilo."

Hapakuwa na mahali. Niliandika pembeni kwa penseli: mtoto wa nne. Nilipoifikisha fomu Idarani, Pendaeli alichukua mkasi akakata ule ukingo, kwa sababu fomu inakatwa ienee kwenye mdomo wa mashine.

"Pendaeli, hayo maneno."

"Mashine haisomi maneno, dada Siwema. Inakula namba."

Wiki iliyofuata tuliitwa wote kutazama. Mkuu wa Idara, Bwana Tegemea, mzee nadhifu mwenye sauti ya chini, alisimama mwenyewe kando ya Kioo. Vikaragosi vya wanawake viliingia wodini vya manjano, vikalala, dakika arobaini, vikatoka vya kijani na kidoa cheupe mikononi. Aliongeza mwendo, mwaka mzima ukapita mbele yetu tukiwa bado tunakunywa soda. Alipunguza wakunga kutoka watatu hadi mmoja. Hakuna kilichogeuka chekundu. Akapunguza vitanda kutoka sita hadi viwili. Hakuna. Lilikuwa jambo la kupendeza kutazama, na mimi nilipiga makofi, siwezi kukataa. Wakunga wawili wakapelekwa kiwanda cha sabuni. Vitanda vinne vikapelekwa nyumba ya wageni wanaokuja kutazama Kioo.

Jioni ile Zawena aliniuliza, "Shoga, nasikia ni dakika arobaini. Kweli?"

"Kwa yule niliyemwona."

"Basi nitaweza. Dakika arobaini hata gunia moja simalizi." Akacheka. Dunga naye akacheka kwa kuona yeye anacheka. Mimi niliendelea kula.

Baada ya siku ile nikawa nakwenda wodini kila nikipata mapumziko, bila saa, nikakaa kwenye kiti kilekile. Niliona wanawake kumi na mmoja. Mmoja alikaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Bi Nyamizi hakuwa na sauti tena. Alikuwa anatoka kitanda hiki anaingia kile, na walalao chini aliwavuka. Niliandika yote kwenye daftari, nikalipeleka kwa Bwana Tegemea. Zawena alikuwa na miezi saba.

Alinipokea vizuri. Alinivutia kiti.

"Ulikwenda na saa, binti?"

"Hapana, mzee. Nilihesabu kwa king'ora cha kiwanda."

"Basi hukupima. Ulitazama."

"Huyu hapa, mzee, alikaa kutwa nzima. Niliona."

Akageukia Kioo, akatoa kumbukumbu iliyohifadhiwa ya siku ile. Tukaitazama pamoja. Vikaragosi vilikuwa vinaingia na kutoka.

"Siku hiyo hakuna aliyezidi arobaini," akasema. "Hata mmoja. Sikukatalii, binti yangu. Nakuonyesha tu."

"Mzee, ile arobaini niliiandika mimi. Na yule mama alikuwa anakimbia kwa sababu yangu. Naomba ifutwe."

Sidhani alikuwa mtu mbaya. "Kufuta siwezi peke yangu. Nitalipeleka barazani."

Na alilipeleka kweli. Niliketi benchi la nyuma. Mjumbe mmoja aliuliza: ikiwa arobaini ni kosa, je, makofi tuliyopiga yalikuwa ya nini? Mwingine alitaka kujua ni nani atakayewaambia watu wa kiwanda cha sabuni. Yule mama muuza kamba alisema yeye amezaa watoto watano na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa dakika arobaini. Mwenyekiti akamwuliza kwa heshima kama alizaa kabla ya Kioo au baada. Kabla, akasema. "Hapo ndipo penye tofauti," akasema mwenyekiti, na wengi wakaitikia. Mwisho walipatana: arobaini iwe arobaini na tano, na mlangoni pa wodi ubandikwe mchoro wa hatua kwa hatua, ili kina mama wajue wanatakiwa kufika wapi kwa dakika gani.

Bwana Tegemea alinipa mkono tukitoka. "Umeona? Ukisema kwa utaratibu unasikilizwa."

Zawena alipangiwa siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Uchungu ulimwanza Jumatano kweli, alfajiri, na Dunga alifurahi sana kuona Kioo kimepatia. Yeye ilibidi aende tanurini, kikaragosi chake kilikuwa kimekwishaondoka. "Shemeji, nakuachia mwenzangu," akaniambia. "Saa nne nikitoka nitawakuta nyumbani." Alikuwa amefunga mkate wa maziwa kwenye kitambaa, wa kumkaribishia mkewe.

Saa mbili alilala kitandani. Saa tatu kasorobo bawabu alikuja na mwanamke mwingine, akamgonga Zawena begani.

"Dada, kitanda kina mwenyewe."

"Bado sijazaa," akasema Zawena.

"Umeshazaa. Umetoka sasa hivi. Hebu angalia."

Kwenye kioo kidogo cha mlangoni kikaragosi chake kilikuwa kinashuka barabara ya kwao, cha kijani, kidoa mikononi. Zawena alikitazama, meno ameyauma kwa uchungu.

"Ni wa kike au wa kiume?" akamwuliza bawabu.

Bawabu hakucheka. "Haionyeshi," akasema.

Bi Nyamizi alimshika mkono akamwingiza chumba cha kufulia, akatandika mashuka chini. Alikuwa na wawili vitandani na huyu wa tatu, na mikono yake ni ile miwili. Nilikaa na Zawena kichwa chake mapajani mwangu. Alinishika mkono wenye saa mpaka kioo cha saa kikapata ufa, ninao mpaka leo. Mara anatukana, mara anaomba radhi, mara ananiuliza, "Dakika ya ngapi hii, shoga?" Nilimwambia asihesabu. "Wewe ndiyo mwenye kuhesabu," akasema.

Saa nane mchana mtoto alitoka. Wa kike. Alilia vizuri. Zawena aliinua kichwa akamwona, akasema, "Haya, ndiyo huyu," kama mtu aliyeletewa kitu alichoahidiwa siku nyingi. Kisha damu haikukoma.

Bi Nyamizi alipiga kelele gari la wagonjwa liitwe, apelekwe hospitali kubwa ng'ambo ya pili ya mji. Liliitwa. Magari ya Mwandamo hayachelewi. Lakini lilikwenda nyumbani kwa Dunga, kwa sababu mgonjwa alikuwa nyumbani. Dereva alibisha hodi, akabisha tena, na ndani ya Kioo mgonjwa alikuwa amekwishapakiwa, akatibiwa, akarudishwa. Akageuza gari.

Mimi nilikimbia Idarani. Pendaeli alikuwa mezani kwake.

"Mrudishe wodini! Zawena, mrudishe wodini gari limwone!"

Aliitazama mashine. "Haviwezi kurudi nyuma, dada. Vinakwenda mbele tu. Hakuna kibonyezo cha kurudi."

Kisha akafanya kitu ambacho sijamwona karani mwingine wa Mwandamo akikifanya. Alisimama, akatoka mlangoni mbio, bila kofia, akaenda kulisimamisha lile gari barabarani kwa mikono yake. Kikaragosi chake kilibaki kimekaa mezani, cha kijani.

Tulifika wodini na gari. Bi Nyamizi alikuwa amekaa sakafuni chumba cha kufulia, mikono ameilaza mapajani, mtoto amezungushiwa foronya kando yake. Zawena alikuwa amefunikwa. Safari hii Bi Nyamizi hakuniuliza ngapi.

Dunga tulimkuta kwenye ngazi ya nyumba yake. Alikuwa amekaa pale tangu saa nne, ule mkate magotini, akisubiri watu ambao Kioo kilisema wako ndani. Dereva wa gari alipokuja kubisha, yeye ndiye aliyemwambia hapa hakuna mgonjwa.

Zawena hakuandikiwa cheti cha kifo. Hakuna kikaragosi kilichokufa, kwa hiyo hapakuwa na maiti. Makaburini tulipita kama wapitaji, watu wanane, tukachimba mahali ambapo kwenye Kioo ni njia. Maziwa ya watoto waliofiwa na mama mtoto hakupewa, kwani kwenye Kioo mama yupo. Jirani mmoja mwenye mtoto mchanga ndiye aliyemnyonyesha, kwa kificho.

Wiki ya pili Dunga alianza kwenda uwanjani. Nilimfuata siku moja nimpelekee shuka la mtoto. Alikuwa amesimama mbele ya Kioo Kikuu, mwanawe begani, anatazama upande wa kulia chini, mahali ulipo mtaa wao.

"Yule pale," akamwambia mtoto. "Anaanika nguo."

Nikatazama. Kikaragosi cha Zawena kilikuwa kinainama na kuinuka, cha kijani.

"Leo alikuja kwetu, shemeji," akaniambia. "Dukani. Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nikamwekea mkate pembeni, nikasema labda." Hakumalizia.

Ndipo nilipowaangalia wale wengine waliosimama. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anafuata kwa kidole kidoa kimoja kinachotoka shuleni. Mzee alikuwa anamwambia mtu fulani ndani ya Kioo asisahau koti. Mwanamume aliyekula amesimama alikuwa amebeba sahani mbili. Miezi yote ile nilipita pale nikadhani ni watu wanaoipenda nchi yao.

Bwana Tegemea aliniita siku chache baadaye. Uwanja umejaa, akasema, watu wanazuia njia, na kwenye Kioo uwanja ni mtupu. Hataki kuwafukuza. Anataka wapangiwe zamu, kila mmoja apate muda wake wa kusimama.

"Nipimie mmoja tu," akasema. "Huyo mwenyeji wako anatosha. Anasimama muda gani mpaka anamaliza." Akanipa fomu mpya. Ilikuwa na mstari mmoja.

Nilikwenda. Dunga alipofika na kusimama mahali pake, nilibonyeza. Alisikia ule mlio mdogo, akageuka.

"Unanipima, shemeji?"

"Ndiyo."

Alinitazama kidogo, bila chuki. "Haya," akasema, akageukia Kioo.

Zawena alikuwa anatoka kwenye karakana ya magunia. Alipanda mtaa, akaingia nyumbani, akatoka, akaingia tena. Dunga alimfuata kwa macho kila hatua. Jua lilikuwa kali, akamhamishia mtoto upande wa kivuli chake. Nilisimama nyuma yao, saa inatembea mkononi. Hatimaye mtoto akaanza kulia kwa njaa, na Dunga akaondoka akienda kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka alipojigonga na watu ndipo alipogeuka.

Kidole changu kilikuwa juu ya kibonyezo. Lakini aliondoka kwa sababu mtoto alilia, si kwa sababu alikuwa amemaliza.

Siku ile ile niliondoka Mwandamo. Mpakani alikuwapo karani mwingine, ameangalia ukutani, na nilipita mbele yake kama upepo. Fomu niliiacha tupu mezani kwa Bwana Tegemea. Saa sikuiacha. Iko hapa kando ya daftari ninaloandikia, na ufa wake. Kila asubuhi naitia ufunguo isisimame. Sijaibonyeza tena.